Mwezi wa kuonwa, wa kufuatwa, wa kuhesabiwa: namna nne za kuingia Ramadhani

Jioni ya 29 Shaaban swali ni lilelile kutoka Lamu hadi Kigoma: umeandama? Ikifika saa 2 usiku majibu yameshakuwa matatu. Mmoja amepata ujumbe kwamba Saudia wanafunga kesho. Mwengine anasubiri tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu. Wa tatu ameshika simu, anasema mwezi wa leo hauonekani popote, watu wasijisumbue kupanda dari. Na mara nyingi wote watatu wanalala nyumba moja na wanategemea daku moja.

Chini ya ubishi huo kuna swali kubwa zaidi. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim iko wazi: fungeni kwa kuuona, fungueni kwa kuuona, na ukifichikana kamilisheni Shaaban siku thelathini. Andiko limetoa amri, limetoa njia, limetoa na dawa ya mawingu. Falaki, elimu ya mwendo wa jua na mwezi, imebakiwa na kazi gani? Wapo wanaojibu: haina. Wapo wanaojibu: yote ni yake. Ukizikagua kwa karibu namna nne wanazofuata Waislamu leo, utakuta hakuna hata moja isiyo na hisabu ndani yake. Zinachotofautiana ni pale zinapoikalisha: pembeni, mlangoni, au kwenye kiti cha shahidi mwenyewe.

Tutapima kwa kipimo gani

Kila namna tutaiuliza mambo matano: inasimama juu ya andiko lipi, falaki inaingia wapi, inataka nini kiutendaji, inaharibikia wapi, na inamfaa nani. Kila moja ina wanavyuoni wazito nyuma yake, kwa hiyo anayetafuta ya kumnyamazishia jirani hatakipata hapa.

Yasiyo na mzozo angani

Kwanza vipimo, maana bila hivi mazungumzo huwa kelele tupu. Kutoka ijtimai moja hadi nyingine, yaani pale mwezi na jua vinapokutana upande mmoja wa anga, ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Baada ya ijtimai mwezi huachana na jua kwa nyuzi 12 hivi kwa siku, sawa na nusu uzi kwa saa. Ukiwa karibu mno na jua, chini ya nyuzi 7 hivi, hilali, yaani ule ukingo mwembamba wa mwezi mchanga, haipo ya kuonwa: mwanga wake ni mdogo kuliko mng'ao wa machweo. Mwezi mchanga kabisa kuonwa kwa jicho tupu katika rekodi zinazotajwa na wanafalaki ulikuwa na saa 15 na nusu tangu ijtimai. Kwa kawaida mtu anahitaji saa 20 na zaidi.

Karibu na ikweta, kila uzi mmoja wa kimo cha mwezi wakati jua linachwa ni kama dakika 4 za kuuwahi kabla haujazama. Kimo cha nyuzi 10, una dakika 40. Kimo cha nyuzi 2, una dakika 8, na dakika hizo zote anga bado ni jeupe.

Jambo moja husahauliwa sana katika ugomvi wa "Makka na hapa": Makka iko longitudo nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa nyuzi 39.7, Unguja nyuzi 39.2. Ni mstari mmoja, na saa zetu ni zilezile. Haiwezekani kusema jua la Makka lilichwa saa nyingi baada ya letu ndiyo maana wao wameuona. Tofauti iliyopo ni ya latitudo, nayo hubadilika na msimu. Machi njia ya mwezi husimama karibu wima juu ya magharibi ya Makka, huku kwetu ikiinama kiasi, basi wao wana nafuu. Septemba mambo hugeuka: Makka njia ile hulala na sisi ndio tunaoupata mapema. Zaidi ya hapo, wao wakiuona na sisi tusiuone, sababu ni wingu, au ni ushahidi.

Namna ya kwanza: jicho la hapa

*Andiko.* Ni ile hadithi ya kuuona, pamoja na habari ya Kurayb katika Sahih Muslim. Alikwenda Sham, akauona mwezi huko usiku wa Ijumaa, akarudi Madina mwishoni mwa Ramadhani. Ibn Abbas akamwambia: sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea mpaka tukamilishe thelathini au tuuone. Kurayb akauliza kama muandamo wa Muawiya, mtawala wa Sham, hautoshi. Jibu likawa hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Mashafii, ambao ndio wengi wa pwani yetu, wamejenga hapo kauli ya tofauti ya matlai: kila upande na mwezi wake.

*Falaki.* Wenye namna hii husema hawaihitaji, lakini neno matlai lenyewe ni la falaki. Mpaka wa matlai ni wapi? Mpaka wa serikali ya Tanzania na Kenya kule Horohoro si mpaka wa angani. Mtu wa Tanga na mtu wa Mombasa wana upeo mmoja. Anayetumia mpaka wa nchi anafuata mamlaka, jambo lenye hoja yake ya umoja. Asiseme tu kwamba anafuata matlai.

*Inataka nini.* Kuona mwezi ni ufundi, na wengi hushindwa kwa mambo madogo.

Kwanza mahali. Sisi watu wa pwani bahari yetu iko mashariki, na hilali huzama magharibi, nchi kavu. Anayekwenda ufukweni Dar au Mombasa kuutafuta amekwenda kuupa mgongo. Dar magharibi yake kuna vilima vya Pugu, na vilima vikikata nyuzi 2 za upeo vimekula dakika 8 zako. Walio na bahati ni wa Unguja na Pemba upande wa magharibi: mtu aliyesimama Forodhani ana maji matupu mbele yake mpaka upeoni. Asiye na hivyo atafute paa refu au kilima kilicho wazi magharibi.

Pili muda. Fika nusu saa kabla ya jua kuchwa. Weka alama pale linapozama: mnazi, mnara, nguzo ya umeme. Baadaye mbingu yote ya magharibi hufanana na hutakumbuka. Kisha chukua muda kati ya jua kuchwa na mwezi kuzama, ugawe kwa tisa, uzidishe kwa nne. Hapo ndipo mwanga wa anga umeshuka vya kutosha na mwezi bado una kimo. Jua likichwa 12:30 na mwezi ukizama 1:12, muda ni dakika 42, na dakika yako nzuri ni ya 19, yaani 12:49. Anayeanza kutazama 12:31 na kukata tamaa 12:40 ameondoka mwezi haujafika.

Tatu vifaa. Darubini ya mkono ya 7x50 au 10x50 inatosha sana. Irekebishe kwa kitu cha mbali kabla, la sivyo utapita juu ya hilali bila kuijua. Usiielekeze magharibi mpaka jua limezama lote. Jua kupitia darubini hupofusha papo hapo. Ukishaupata kwa darubini, jaribu kwa jicho tupu, maana wapo wanaotaka jicho peke yake.

*Inaharibikia wapi.* Zuhura, nyota ile kali ya jioni, imeshatangazwa kuwa mwezi mara nyingi. Michirizi ya ndege iliyoangazwa na jua lililozama hujipinda ikafanana na hilali kabisa. Ukingo wa wingu pia. Na Ramadhani inapoangukia masika, kati ya Machi na Mei, wingu linaweza kufunga magharibi wiki nzima. Hapo hukumu ni kukamilisha thelathini na hakuna dhambi ndani yake, ila ujue unaweza kuwa nyuma ya mwezi wenyewe kwa siku moja.

*Inamfaa nani.* Aliye na upeo, subira, na jamii inayoweza kukaa kimya mpaka shahidi asikilizwe.

Namna ya pili: muandamo wa kimataifa

*Andiko.* Ni hadithi ileile. "Fungeni" ni wingi, wanasema, umma wote umeambiwa, basi akiuona Muislamu mmoja muadilifu umetosha kwa wote. Huo ndio msimamo mashuhuri wa Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, likikutana Amman, lilikata kwamba mwezi ukithibiti nchi moja Waislamu wote waufuate. Kurayb wanamjibu kwamba ile ilikuwa ijtihadi ya Ibn Abbas, au kwamba habari ilifika mwezi ukiwa umekwisha.

*Falaki.* Kwa mfuataji wa kawaida haimo kabisa, na ndiyo raha yake. Kazi yote imefanywa na mwengine. Lakini inaingia kwa mlango wa nyuma, kwenye saa. Jua la California, kutegemea msimu, huchwa kati ya saa 10 kasoro za usiku wetu na saa 12 na kitu za asubuhi yetu. Mwezi ukionwa huko, sisi tunakaribia adhana au tumeipita. Kwa Mashafii nia ya faradhi huwekwa usiku, kila usiku, kabla ya alfajiri. Habari ikikufikia jua limetoka, unajizuia kula na siku unailipa. Kwa hiyo "popote duniani" kwa utendaji wetu ni popote panapochwa jua mapema vya kutosha, na kwa watu wengi hapa maana yake hasa ni Saudia. Si vibaya, ila tuiite kwa jina lake.

*Inataka nini.* Chanzo kimoja, kilichochaguliwa mapema, na uaminifu kwacho mwanzo na mwisho. Saudia hutangaza kupitia Mahakama yao Kuu, na waangalizi wa Sudair na Tumair ndio wanaosikika zaidi. Kwa kuwa saa ni moja, tangazo kwa kawaida hupatikana huku kabla ya usiku kwenda mbali.

*Inaharibikia wapi.* Unarithi kosa la mwengine bila nafasi ya kulikagua. Chukua tarehe 29 Machi 2025. Ijtimai ilikuwa saa 7 na dakika 58 mchana kwa saa za Makka na zetu. Siku hiyohiyo jua lilipatwa nusunusu Ulaya na kaskazini magharibi mwa Afrika, yaani mwezi ulikuwa ukipita mbele yake watu wakitazama. Jioni Makka jua lilipochwa mwezi ulikuwa na saa 4 na nusu tu, na hazikufika hata nyuzi 4 kutoka kwenye jua. Saudia ikatangaza Idi Jumapili tarehe 30. Oman, jirani yake wa ukuta, ikaswali Jumatatu tarehe 31. Mtetezi wa tangazo atakwambia kadhi hahukumu kwa darubini, anahukumu kwa mashahidi walioapa, na hukumu ya hakimu huondoa khilafu. Ni hoja ya kisheria iliyo kamili. Haijibu tu swali la kile walichokiona.

Kosa jengine ni la wafuataji: kuanza na Saudia na kumaliza na redio ya hapa, au kinyume chake, kwa kuwa siku hiyo imependeza. Anayefanya hivyo anaweza kuamka Idi akiwa na siku 31, au 28.

*Inamfaa nani.* Mwenye familia iliyotawanyika Muscat, Dubai, London na Tanga wanaotaka Idi moja. Na anayeona umoja wa umma ni bora kuliko usahihi wa mji mmoja.

Namna ya tatu: hisabu peke yake

*Andiko.* Hapa watu hudhani hakuna andiko. Lipo. Sura ya Yunus aya ya 5 inasema mwezi umewekewa vituo ili mjue idadi ya miaka na hisabu. Ar-Rahman aya ya 5: jua na mwezi huenda kwa hisabu. Kisha ile hadithi, "sisi ni umma usiojua kuandika wala kuhesabu, mwezi ni hivi na hivi," wakaisoma kuwa imetaja sababu: macho yalitumika kwa kuwa hesabu haikuwepo. Sababu ikiondoka, hukumu hugeuka. Mwanachuoni wa Misri Ahmad Shakir aliiandika hoja hii mwaka 1939, naye alikuwa mtu wa hadithi, si mtu wa maabara.

Hoja yao kali zaidi imebandikwa ukutani msikitini. Ratiba ya Swala ni hisabu tupu. Alfajiri ya ratiba nyingi ni pale jua lilipo nyuzi 18 chini ya upeo, nyengine nyuzi 18.5 au 19.5, na hakuna muadhini anayetoka nje kutafuta uzi mweupe. Kama Alfajiri inahesabiwa, kwa nini mwezi usihesabiwe? Jibu la upande wa pili ni la zamani, la al-Qarafi, Mmaliki aliyefariki 1285: Swala imefungwa kwa wakati wenyewe, hivyo ukijua wakati kwa njia yoyote inatosha; Saumu imefungwa kwa kuona. Msomaji akae na hoja hizi mbili kabla ya kuendelea, maana mgogoro wote uko hapo, na hakuna darubini itakayouamua. Falaki inaweza kusema mwezi utaonekana au hautaonekana. Haiwezi kusema kama kuonwa kwake ndiko kulikotakiwa.

*Falaki.* Ndiyo yenyewe. Na uhodari wake umeshaonekana hapa nyumbani: tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kulitazama jua likiwa pete, dakika ileile iliyotangazwa kabla. Kupatwa kwa jua si chochote ila ni ijtimai inayoonwa kwa macho.

*Inataka nini.* Kigezo. Hapa ndipo wanaotumaini hisabu itamaliza ugomvi huvunjika moyo, maana vigezo ni vingi. Kalenda ya Umm al-Qura ya Saudia, ambayo ni ya shughuli za serikali, inataka ijtimai iwe kabla ya jua kuchwa na mwezi uzame baada ya jua Makka, hata kwa dakika moja. Kigezo cha mkutano wa Istanbul wa 1978 kinataka nyuzi 8 kutoka kwenye jua na kimo cha nyuzi 5. Brunei, Indonesia, Malaysia na Singapore zinatumia nyuzi 6.4 na kimo cha nyuzi 3. Anga ni moja, hesabu ni moja, na siku zinaweza kuwa mbili. Uturuki inakwenda kwa hisabu, na Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini liliichagua mwaka 2006.

Kuna pia hisabu isiyotazama anga kabisa. Mabohora wa Mombasa, Dar na Unguja, ambao ni Mashia wa Kiismailia, wana kalenda ya jedwali: mzunguko wa miaka 30, kumi na moja kati yake ikiwa na siku 355, na Ramadhani daima ni siku 30. Ndiyo maana unaweza kuwaona wamefunga kabla ya wote, na wala hawana haja ya kukuuliza wewe umeuona wapi.

*Inaharibikia wapi.* Kosa la kila siku ni simu. Mtu anafungua kalenda ya Hijria, inamwonesha 1 Ramadhani, naye anatangaza "mwezi umeandama." Kalenda hiyo huenda imewekwa kwa Umm al-Qura, au mwenye simu aliongeza siku moja mwaka juzi akasahau. Hicho hakikuwa kuona wala hisabu. Kosa jengine ni kuchukulia ijtimai kuwa ndio muandamo. Kati ya hiyo na hilali ya kuonwa kuna karibu siku nzima.

*Inamfaa nani.* Anayelazimika kujua tarehe miezi mapema, na jamii zisizo na kadhi wala upeo.

Namna ya nne: jicho lithibitishe, hisabu ikanushe

*Andiko.* Hadithi inabaki kama ilivyo: hakuna kufunga bila kuona au kukamilisha thelathini. Kilichoongezwa ni masharti ya ushahidi. Taqiyyud-Din as-Subki, Mshafii aliyefariki 1355, alisema hisabu ikikata kwamba mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kauona haupokelewi, kwa sababu hisabu ni yakini na ushahidi ni dhana, na dhana haisimami mbele ya yakini. Mashafii wa baada yake wapo waliompinga waziwazi, wakishika kwamba sheria haikuipa hisabu sauti. Kwa hiyo asije mtu akaiuza namna hii kama kauli ya madhehebu yote.

*Falaki.* Iko mlangoni. Haimwingizi mtu, inamzuia. Mwezi ukizama kabla ya jua, hakuna shahidi atakayesikilizwa. Ukiwezekana kuonekana na usionwe, hisabu inanyamaza na watu wanakamilisha thelathini.

*Inataka nini.* Mtu mmoja kwenye kamati anayejua kusoma takwimu nne za jioni ile kwa mji wake: saa ya jua kuchwa, saa ya mwezi kuzama, kimo, na upande wa mwezi ukilinganisha na pale jua lilipozamia. Programu ya bure ya Stellarium inazitoa zote kwenye kompyuta ya kawaida. Takwimu hizi afadhali ziandikwe kabla na zifichwe, mashahidi wasizijue.

Kisha shahidi aulizwe mmojammoja, mwengine asisikie. Uliona saa ngapi kwa saa ya mkononi? Ulikuwa kushoto au kulia kwa mahali jua lilipozamia? Ulikuwa juu kiasi gani? Hapo anyooshe mkono: ngumi ni nyuzi 10 hivi, vidole vitatu vya katikati nyuzi 5, kidole cha mwisho uzi 1. Ulidumu muda gani? Nani alikuwa nawe? Mwisho apewe kalamu auchore. Pembe za hilali daima hulipa jua mgongo. Na kwetu karibu na ikweta, jua likiwa chini ya upeo, hilali hulala kama mtumbwi, pembe zikitazama juu. Anayechora pembe zikielekea chini, pengine si mwongo, aliona wingu. Mchoro huo unaokoa maneno mengi na heshima ya mzee wa watu.

*Inaharibikia wapi.* Kwa kuchelewa, na kwa haya. Kumkatalia mtu muadilifu aliyeapa mbele ya kijiji chake si jambo dogo, na kamati nyingi hulegea. Tena eneo la katikati, mwezi ukiwa na saa 14 hadi 18, hisabu haina jibu la ndiyo au la; kamati isijifanye inalo.

*Inamfaa nani.* Kadhi, imamu, au kamati inayobeba dhamana ya saumu za watu wengine.

Uchague vipi, kwa hali yako

Uko kijijini, mtandao hafifu, magharibi wazi: jicho la hapa, na hesabu ya vidole. Shahidi mmoja muadilifu hutosha kuingia Ramadhani kwa Mashafii, kutoka, wawili.

Uko Minneapolis, Toronto au London, na mwajiri anataka tarehe ya likizo wiki sita kabla: hisabu itakupa tarehe. Ukipendelea kuona, omba siku mbili mfululizo kisha ufuate msikiti unaoswali nao tarawehe. Uko Oman au Saudia kikazi: nenda na nchi, hata saa za kazi zimepangwa hivyo.

Uko safarini katikati ya mwezi: fuata watu wa uendako. Ukifika nao Idi ukiwa na siku 28, swali Idi nao kisha ulipe siku moja, kwa kuwa mwezi haupungui 29. Ukitimiza 30 na wao bado wamefunga, kauli ya Mashafii ni ufunge nao.

Umeuona peke yako na hukupokelewa: kwa Mashafii unafunga kwa ulichokiona. Ukiwa mwezi wa Shawwal unafungua, ila kwa siri.

Nyumba imegawanyika, mume na redio ya hapa, mke na Makka: yasemeni Rajabu, usiku wa shaka umeshachelewa. Anayeamini ni Idi haruhusiwi kufunga siku hiyo; asile mbele ya mwenziwe, na pilau lisubiri kesho. Swali la Arafa huja baadaye na ni tofauti, maana wapo wafuasi wa mwezi wa hapa wanaofunga Arafa siku mahujaji wanaposimama, na wapo wanaofunga 9 ya hapa. Msilichanganye na hili.

Na kwa atakayechagua jicho, liwe peke yake au lenye hisabu mlangoni, kazi haianzi 29 Shaaban. Inaanza 29 Rajabu, mwezi mzima kabla, watu wakiwa hawana habari na mwezi. Usipoujua muandamo wa Shaaban, hiyo "29" unayopandia dari ni ya kalenda ya simu, na unaweza kuwa umepanda siku ya 28 au ya 30.